Mshale Ukipanda, Simama

Leo nazungumza na ninyi wenye pikapu hapa Singida: mnaobeba alizeti kutoka Ikungi, mnaopeleka vitunguu soko la Misuna, mnaotoka Shelui na magunia ya mpunga mkiupandisha mlima Sekenke. Nazungumza pia na wewe mama uliyemkabidhi kijana gari lako akutafutie hesabu, maana gari likifa ni mtaji wako uliokufa.

Kila msimu wa mavuno naona jambo lile lile. Pikapu iko pembeni mwa barabara, boneti juu, mvuke unafuka, utingo anakimbia na dumu kutafuta maji. Ukimuuliza dereva, anasema gari limechemsha. Ukimuuliza mshale wa joto ulianza kupanda wapi, anataja kijiji alichokiacha nyuma muda mrefu. Aliuona. Akasema afike kwanza.

Jamani, huko kufika kwanza ndiko kunakoua injini! Hedi za injini nyingi za sasa ni za aluminiamu, na aluminiamu ikizidiwa na joto hupinda. Inapinda kiasi kidogo tu, huwezi kukiona kwa macho, lakini kinatosha gasketi iachie. Gasketi ikiachia, moshi wa silinda unaingia kwenye maji, maji yanaingia kwenye oili, na baada ya hapo injini inanoki. Tatizo lililoanza na hosipaipu iliyopasuka linaishia kwenye kununua injini nyingine.

Kuna kijana mmoja alitoka Nduguti na mzigo wa vitunguu. Mshale ukapanda hadi alama nyekundu, akaendelea. Kisha ukashuka ghafla mpaka chini kabisa. Akafurahi, akamwambia mwenzake gari limepoa, akaongeza mwendo. Halikuwa limepoa. Maji yalikuwa yameisha, na kile kipimo cha joto kinahitaji kuzama kwenye maji ili kisome sawasawa. Kikibaki hewani, kinaweza kukudanganya. Injini ilizima kabla hajaiona lami ya Iguguno. Basi shika hili: mshale uliokuwa juu ukianguka ghafla, hiyo ni hatari kubwa kuliko ya mwanzo. Zima!

Sasa dalili. Watu wanangoja mvuke, lakini mvuke ni hatua ya mwisho. Asubuhi, kabla hujawasha, injini ikiwa baridi, fungua rejeta utazame maji. Kama unaongeza maji kila siku, gari lina ugonjwa, lipeleke kwa fundi. Chomoa kijiti cha oili. Ukiona oili imekuwa kama chai ya maziwa, usiwashe, maji yamekwishaingia. Ukiwasha na mfuniko wa rejeta uko wazi, halafu ukaona mapovu yanatoka mfululizo bila kukoma, kuna uwezekano mkubwa gasketi imekwenda. Moshi mweupe mzito unaoendelea hata injini ikishapata moto ni dalili ya maji yanayogeuka mvuke ndani ya silinda. Moshi wa bluu ni oili. Moshi mweusi, anza na chujio la hewa. Kwa vumbi letu hili, huenda limeziba.

Narudi kwenye joto, maana ndiko tunakoumia. Singida mjini tuko juu ya usawa wa bahari kwa takriban mita 1,500. Kwenye mwinuko huu, maji ya sufuriani yanachemka yakifika kama nyuzi 95, hayangoji 100. Kinachozuia maji ya gari yako yasichemke mapema ni mgandamizo, na mgandamizo huo unashikiliwa na mfuniko wa rejeta. Halafu nakuta mtu amefunga rejeta kwa kitambaa na kipande cha mpira wa tairi, eti mfuniko ulipotea. Nunua mfuniko, na uwe wa namba inayotakiwa kwa gari lako!

Mfuniko huo huo ndio unaowaunguza watu. Gari limechemsha, mtu anaufungua papo hapo, kichwa kiko juu yake. Maji yale yako zaidi ya nyuzi 100, yamebanwa, yakipata upenyo yanaruka usoni. Nimeona uso wa utingo uliobabuka kwa sababu ya haraka ya dakika chache. Simama mahali salama, zima, fungua boneti, kaa kivulini hata saa nzima. Weka viakisi vya pembetatu. Ukiweka mawe nyuma ya tairi, uyaondoe unapoondoka. Pikipiki inayopita usiku haiyaoni.

Na maji baridi usiyamwage kwenye injini yenye moto. Hedi inaweza kupasuka. Maji ya visima vyetu vingi yana chumvi. Ukiyatia mwaka mzima, yanajenga ukoko ndani ya rejeta na kuziba njia. Tumia kulanti iliyochanganywa kama chupa inavyoelekeza. Maji ya kisima yawe ya dharura tu, kisha yamwagwe. Tena, wabeba alizeti, tazameni mbele ya rejeta: makapi na vumbi vimejaa kwenye vile vipezi vyembamba, upepo utapita wapi?

Nimalizie na gereji. Fundi akikwambia atoe thamostati ili gari lipoe, mkatalie. Thamostati inazuia maji mpaka injini ipate joto lake, kisha inafunguka. Ikikwama, nunua nyingine. Kuitoa ni kuficha ugonjwa, na injini inayofanya kazi ikiwa baridi inakula mafuta na kuchakaa. Fundi akifungua hedi, uwepo. Hedi ipelekwe kwenye mashine ipimwe kama imepinda au ina ufa, isawazishwe. Gasketi iwe mpya, siyo ya zamani iliyopakwa silikoni. Bolti zikazwe kwa spana ya kupimia nguvu, kwa awamu, kuanzia katikati kwenda pembeni. Na kabla ya yote, aseme ni nini kilichochemsha gari: wota pampu, mkanda wa feni, rejeta au hosipaipu? Asipokitafuta, utarudi kwake mwezi ujao na gasketi nyingine mkononi.

Wenye magari, acheni kuwafokea madereva wanaposimama njiani. Kijana anayepiga simu kusema mshale umepanda amekuokolea mtaji; mshukuru. Na wewe dereva, kesho alfajiri, kabla hujapakia gunia la kwanza, tazama maji, tazama oili. Ukiwa njiani, mshale ukivuka pale ulipouzoea, simama. Mzigo uliochelewa utauzwa kesho.