Mnara Uliokamilika



Katika Injili ya Luka, sura ya 14, Bwana Yesu asimulia habari za mtu aliyetaka kujenga mnara. Hakuketi kwanza kupiga hesabu, akashindwa kumaliza, na wapita njia wakamcheka. Sisi tukaao Lodwar tunao mnara wa namna nyingine. Wa kwetu ulikamilika.

Uko Kalokol, karibu na Ziwa Turkana, mwendo wa kilomita 60 hivi kutoka hapa mjini. Ni kiwanda cha samaki kilichojengwa kwa msaada wa Norway, kikamalizika mwaka 1981, kwa mamilioni ya dola. Kazi ya kugandisha samaki ilidumu siku chache tu.

Hesabu ilipigwa, tena na wataalamu. Ilikuwa hesabu ya kujenga. Kugandisha samaki katika nchi yenye joto kama hii kwahitaji umeme mwingi na maji safi mengi, navyo vilikuwa haba. Gharama ikawa kubwa kuliko faida ya minofu yenyewe. Kisha, katikati ya miaka ya 1980, Ghuba ya Ferguson, walikokuwa wakivua, ikakauka. Ziwa hili lina tabia ya kupanda na kushuka. Miaka ya karibuni limepanda tena hata kufurika makao ya watu. Mzee yeyote wa ufukweni angalieleza hayo, kama angaliulizwa.

Na kicheko hakikuwaangukia wajenzi. Kiliwaangukia Waturkana. Hata leo wako wasemao kwamba mfugaji hana haja ya samaki, ndiyo maana kiwanda kilikufa. Hilo si kweli. Wavuvi wapo. Samaki hukaushwa juani, hutiwa chumvi, hupakiwa katika malori na kuuzwa mbali. Uvuvi haukushindwa, lililoshindwa ni jumba.

Ndugu zetu wa Kakuma nao wanayo yao. Septemba 2013 ilitangazwa kwamba maji mengi sana yameonekana chini ya ardhi huko Lotikipi, kaskazini mwa Kakuma. Dunia nzima ikasikia. Baadaye maji yalipopimwa yakaonekana kuwa na chumvi kupita kiasi cha kunywa. Habari hiyo ya pili haikupigiwa tarumbeta, na wakati wa kiangazi akina mama waliendelea kuchimba mchanga wa mto Tarach.

Wala tusiwanyoshee kidole wageni peke yao. Kamati zetu za maji, na za makanisa pia, hupenda siku ya kufungua: hotuba, nyimbo, mbuzi wa kuchinjwa, jina la mgeni wa heshima ukutani. Halafu mpira wa pampu hukatika, kitu kidogo kabisa, na kisima chalala mwaka mzima.

Basi mfadhili atakapokuja kijijini kwenu, mpokeeni kwa furaha. Lakini kabla ya chai mwulizeni: dizeli ya mwaka wa tatu itanunuliwa na nani? Fundi akitoka Lodwar, nauli yake italipwa kutoka mfuko gani? Katibu na ayaandike majibu katika kumbukumbu za mkutano, yasomwe kwa Kiturkana, mbele ya akina mama watakaoteka maji hayo.