Goti la Mtoto Likivimba, Usilikande

Leo tunazungumza juu ya goti.

Mama, ukipika kuku, tazama mwisho wa mfupa wa paja. Utaona sehemu nyeupe, laini, inayoteleza. Hilo ndilo gegedu. Goti la mwanao lina gegedu pia, nalo huzuia mifupa isisagane anapotembea.

Kidonda cha mguuni hupona kwa sababu damu hufika pale. Gegedu halina mishipa ya damu. Likimeguka, ni vigumu kujiponya. Kijana akiumia mpirani au akianguka na bodaboda, kipande cha gegedu kinaweza kung'oka pamoja na mfupa ulio chini yake. Wengine hupatwa na shida hii bila hata kuanguka.

Dalili ni zipi? Goti huuma akikimbia, huvimba, na wakati mwingine hukwama likakataa kunyooka.

Je, kuna matibabu? Ndiyo. Mtoto anayekua akiletwa mapema, huenda kupumzisha goti kwa miezi kadhaa kukatosha. Ikiwa shimo limeshatokea, daktari bingwa wa mifupa anaweza kutoa vipande vidogo vya mfupa vyenye gegedu kutoka sehemu ya goti hilohilo isiyobeba uzito mwingi, akavipandikiza shimoni, kama fundi anavyoziba tundu ukutani. Shimo likiwa kubwa, nchi nyingine hutumia kipande kilichotolewa kwa mtu aliyefariki. Baadaye mgonjwa hutembea kwa magongo kwa wiki kadhaa na kufanya mazoezi. Kurudi mpirani huchukua miezi mingi.

Nyanya, upasuaji huu ni wa shimo dogo. Goti lililochakaa lote kwa uzee lina matibabu yake mengine.

Sasa ufanye nini? Usilikande goti kwa nguvu, wala usilichanje chale. Mpumzishe mtoto, umpeleke kituo cha afya kilicho karibu. Omba barua ya kwenda hospitali ya rufaa ya kaunti, Migori au Homa Bay, akapigwe eksirei na kuonwa na wataalamu wa mifupa. Upasuaji huu haufanywi kila hospitali, kwa hiyo anaweza kutumwa mbali zaidi. Hakikisha jamii yako imesajiliwa na SHA, bima iliyochukua nafasi ya NHIF mwaka 2024.

Tahadhari! Goti likiwa la moto, mtoto ana homa na hataki kukanyaga, huenda kuna usaha ndani. Usaha huharibu gegedu kwa siku chache tu. Mpeleke siku hiyohiyo, hata usiku. Mwenye selimundu asicheleweshwe kabisa.

Mama, wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.