Matusi Katika Michezo ya Kompyuta



Nimetakiwa niseme machache juu ya vijana wetu na kompyuta. Nitaanza na la nyumbani kwangu. Usiku mmoja nilimsikia mwanangu wa miaka 14 akimtukania mtu mama yake. Nilipoingia chumbani nilimkuta peke yake, akicheza kwa njia ya intaneti na watu asiowajua. Akanijibu, "Baba, humo kila mtu husema hivyo."

Jibu hilo lilinifanya nitafute habari. Katika mchezo wa League of Legends, uliotolewa na kampuni ya Riot Games ya Marekani mwaka 2009, watu 5 hushindana na 5, huku wakiandikiana. Matusi yalipozidi, mwaka 2011 kampuni iliunda baraza. Wachezaji wenyewe walisoma maneno ya mshitakiwa, kisha wakapiga kura aadhibiwe au asamehewe. Kura zilipita milioni 100.

Baadaye kura hizo zilitumika kuifundisha kompyuta. Haikupewa orodha ya matusi tu. Ilionyeshwa mifano ya maneno yaliyokataliwa na ya yale yaliyosamehewa, mpaka ikaweza kuyapambanua. Faida yake ni kwamba mkosaji hupata adhabu upesi, pamoja na maneno yake mwenyewe ayasome. Mwaka 2015 Jeffrey Lin, aliyeongoza kazi hiyo, alieleza kuwa matusi yalipungua kwa zaidi ya asilimia 40, na kwamba wakosaji kama 92 katika kila 100 hawakurudia kosa baada ya adhabu moja.

Ndugu zangu, lililonigusa zaidi ni hili: sehemu kubwa ya matusi hayo haikutoka kwa wakorofi waliozoea. Ilitoka kwa watu wa kawaida. Nami nilijikumbuka. Hapa shuleni sikuwa mkorofi, lakini mimi ndiye niliyempa mwenzetu mmoja jina la kumcheka kigugumizi chake, akabaki nalo miaka minne. Hakuna aliyenirudishia neno langu nilitazame. Ndugu huyo yumo ukumbini leo. Namwomba radhi mbele yenu.

Lakini tusiiachie kompyuta malezi. Kompyuta hujua lugha iliyofundishwa. Tusi la mafumbo, la Kiswahili cha vijana, litaipita kama haikuonyeshwa mifano yake. Sisi wazazi tunalisikia.

Usiku ule sikumpiga mwanangu. Nilimtaka aandike aliyoyasema, kisha anisomee kwa sauti. Alisoma mstari mmoja, wa pili ukamshinda. Tangu siku hiyo anacheza sebuleni, mlango wazi.