Mbuni Huundwa Ukiwa Mchanga: Kuinamisha na Kupogoa Robusta Karagwe na Kyerwa



Mkulima wa zabibu wa Dodoma hapandi mzabibu akauacha ujiendee. Anausimikia nguzo na nyaya, anauelekeza ungali mchanga, na kila baada ya mavuno anaupogoa, ndiyo maana anavuna mara 2 kwa mwaka. Sisi wakulima wa Robusta wa Karagwe na Kyerwa mbuni tunaupanda, tunaupalilia, tunautandazia nyasi, kisha tunaungoja. Ninachokuja kusema leo ni hiki: mbuni uundwe katika miaka 3 ya mwanzo. Umri huo ukipita, kinachobaki ni msumeno, na msumeno hukata kahawa pamoja na ada ya shule.

Tukumbuke mbuni unavyozaa. Kahawa hukaa kwenye pingili za matawi ya pembeni, na pingili ikishazaa haizai tena. Mwakani zitazaa zile zilizoota mwaka huu. Kwa hiyo kwenye mbuni uliotelekezwa matunda huhamia kileleni na kwenye ncha, chini hubaki fito tupu, na mvunaji huvuta shina hadi likapasuka. Ndani ya kibanja, mbuni nao unashindana na migomba kutafuta mwanga, hivyo hurefuka upesi zaidi.

Mche ukishashika vizuri, miezi kama 6 hadi 9 tangu upandwe shambani, uinamishe. Fanya hivyo udongo ukiwa na unyevu, kwani mche wenye kiu huvunjika. Shika shina karibu na ardhi kwa mkono mmoja, kwa mwingine lilaze taratibu hadi nusu ya kusimama na kulala, kisha lifunge kwenye kigingi kwa kamba ya mgomba. Baada ya wiki chache maotea yatachomoza mgongoni mwa shina. Usiyaonee huruma yote. Chagua 3 au 4 yenye nguvu, yaliyo chini na yaliyoachana, mengine yang'oe kwa vidole yakiwa bado laini. Hayo uliyoyachagua ndiyo mashina ya mti wako. Yakishaimarika, shina mama hukatwa.

Hapo kwenye kuchagua maotea ndipo wengi tunaposhindwa. Nimewahi kuhesabu mashina 9 kwenye mbuni mmoja, na mwenyewe alijivunia wingi ule. Lakini mizizi ni ileile, na chakula ni kilekile. Kwa nafasi ya mita 3 kwa 3 ekari moja hubeba mibuni takriban 450. Kila mmoja ukibaki na mashina 3, hayo ni zaidi ya 1,300 yenye mwanga wa kutosha.

Nawaelewa wanaoogopa kukata. Aliyekwisha kuuza maua kwa butura, yaani kahawa ingali mtini, hawezi kugusa tawi, maana kahawa ile si yake tena. Huo ni mnyororo mzito, na ndiyo sababu nasisitiza mibuni michanga: kung'oa otea la wiki 3 hakumpunguzii mtu hata kilo moja ya maganda, yaani kahawa kavu isiyokobolewa.

Jambo la mwisho ni usafi wa vifaa. Ugonjwa wa mnyauko fusari, uliotuingilia Kagera miaka ya 1990, huingia mtini kupitia vidonda, na panga letu ndilo hufungua mlango. Tumia mkasi au msumeno wenye makali, kata kwa mshazari ili maji yasituame, na safisha kifaa kwa jiki au moto kabla ya kwenda mti mwingine. Mti ulionyauka uchomwe palepale, usiburutwe shambani. Vijitawi vilivyokauka vikiwa na tundu dogo kama la sindano navyo vikatwe na kuchomwa, humo mna mdudu. Anayepanda upya aombe miche kinzani iliyotolewa na Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania (TaCRI) Maruku, kama Maruku 1 na Bukoba 1.

Wanaushirika, maganda yakiwa bado juani msimu huu, kila mmoja aingie kibanjani na mkasi safi, aanze na mibuni 10 iliyo michanga kuliko yote.