Rangi Moja Nyumba Nzima
Maneno ya karani mmoja mbele ya wazee na waalimu

Nimeombwa niseme machache juu ya rangi za nyumba. Labda wako wachekao moyoni wakisema, "Karani huyu ameacha madaftari yake, amekuwa mpaka rangi?" Nacheka pamoja nao. Lakini sikuja kufundisha ufundi. Nimekuja kuungama kosa langu, ili asiyelitenda ajihadhari nalo.

Nilipojenga nyumba yangu nilitaka wapitao waseme, "Hapa akaa mtu aliyesoma." Basi sebule nikaipaka kijani kilichokoza, chumba changu buluu, cha watoto zambarau, na ujia wa katikati, usio na dirisha hata moja, nikaupaka rangi ya damu ya mzee. Majirani wakaja kutazama, wakasifu, nami nikavimba kichwa.

Mwaka ule ule mama yangu mzazi akaja kukaa kwetu. Macho yake yalikuwa yamefifia kwa uzee. Siku moja nilimwona akipita ujiani akipapasa ukuta kwa mkono, kama atembeaye gizani, na saa ilikuwa sita mchana. Nikaona, nikanyamaza. Juma lililofuata akajikwaa katika kidaraja cha kuingilia jikoni, akaanguka, akavunjika mkono. Hakunilaumu. Alisema tu, "Mwanangu, nyumba yako ni nzuri, lakini siioni." Neno hilo lilinichoma kuliko tusi.

Nikamwendea mwashi mmoja mzee, mtu wa pwani, kumwuliza shauri. Akaniambia, "Nuru haikosi mlangoni mwako. Kuta zako zaila." Nami baadaye nikajua kwamba alisema kweli. Ukuta mweupe wenye umanjano kidogo, rangi ya pembe ya ndovu, hurudisha kama robo tatu ya nuru iuangukiayo. Ukuta uliokoza sana haurudishi hata sehemu moja ya tano. Sasa tupige hesabu, waalimu. Nuru ya 100 ikigonga kuta mbili za rangi ya pembe, moja baada ya nyingine, hubaki kama 56. Ikigonga kuta mbili zilizokoza, hazibaki hata 4. Ndiyo maana haifai kupaka sebule peke yake rangi nyeupe na kuuacha ujia katika giza. Vyumba hupokezana nuru kama watu wapokezanao ndoo za maji: mmoja akimwaga, wa mwisho hapati kitu.

Wala jambo hili si geni kwetu. Zitazameni nyumba za kale za Lamu, mji uliotiwa mwaka 2001 katika orodha ya urithi wa dunia. Vyumba vyake ni virefu na vyembamba, kwa kuwa upana wake ulifuata urefu wa boriti za mikoko. Nuru huingia kwa kiwanda, kisha hupita chumba hata chumba mpaka ndani kabisa. Wenyewe walizipaka kuta lipu ya chokaa nyeupe, nayo nuru ikawafikia.

Basi nilifanya hivi. Nilinunua chokaa iliyokwisha kutiwa maji, nikaichuja, nikaizimua hata ikawa nyepesi kama maziwa. Nikatia udongo wa manjano uliosagwa, kidogo sana, maana weupe mtupu huumiza macho jua linapokuwa kali, tena huonyesha kila vumbi. Jihadharini: rangi ya chokaa ikiwa mbichi huonekana imekoza, ikikauka hupauka. Jaribuni kwanza pembeni, mkangoje. Tena changanyeni ya nyumba nzima mara moja, kwani mchanganyo wa pili haufanani na wa kwanza. Loweni ukuta, mpake mara tatu, nyembamba nyembamba. Chokaa huvuta hewa ikarudi polepole kuwa jiwe, kama ilivyokuwa kabla ya kuchomwa tanuuni. Yaunguza pia; ikiingia machoni, osheni kwa maji mengi, mkamwone tabibu upesi.

Chokaa haishiki juu ya rangi ya mafuta. Nami nasema kwa mkazo: rangi kuukuu ya mafuta msiikwangue ikiwa kavu. Zamani rangi nyingi zilikuwa na risasi, na vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto. Mwaka 1921 mataifa yalifanya mapatano mjini Geneva kuizuia risasi nyeupe katika rangi za ndani ya nyumba, lakini si kila nchi iliyafuata. Mwenye nyumba ya zamani na aulize kwanza.

Jambo la mwisho ni hili. Kila kitu kikiwa cha rangi moja, mzee hawezi kutambua ukuta ulipoishia na kidaraja kilipoanzia. Kwa hiyo ukingo wa kile kidaraja niliupaka mstari mweusi, upana wa vidole vitatu. Giza lina kazi yake, likiwekwa mahali pake.

Nilipomaliza, jirani mmoja alisema, "Umeharibu nyumba, sasa ni kama hospitali." Moyo wangu ulisononeka kidogo, nisiwafiche. Lakini jioni ile mama alitoka chumbani mwake, akapita ujiani mikono yake ikiwa chini, hakugusa ukuta. Alipofika kwenye ule mstari mweusi akainua mguu, akaingia jikoni, akasema, "Leo nani aliyefungua dirisha?"

Hapakuwa na dirisha, ndugu zangu. Nilikuwa nimepaka nyumba ya kutazamwa na wapitao, na wakaao ndani nikawasahau. Msifanye kama mimi.