Mguu wenye mishipa si wa kuficha

 

Mama mmoja kati yetu alificha mguu wake chini ya kitenge kwa miaka miwili. Mishipa ilikuwa imetuna na kujipinda kama kamba, na jirani alishamwambia amekanyaga uchawi. Hakukanyaga kitu. Amezaa watoto sita, na kila siku anasimama masaa kumi kwenye kiwanda cha nyama.

Damu ya miguuni inapanda mlima kurudi moyoni. Ndani ya mishipa mna vilango vidogo vinavyoizuia isirudi chini. Vilango vikilegea, damu inajaa na mshipa unavimba. Umri, mimba, uzito, kurithi na kusimama sana, vyote vinachangia. Hapa Marekani wanakadiriwa watu zaidi ya milioni 20 wenye hali hiyo, na inazidi kadiri umri unavyosogea. Kwa hiyo daktari hatakushangaa.

Ila mweleze vizuri. Tumezoea kusema "nimechoka tu". Sema miguu inakuwa mizito jioni, inawasha, inavimba kwenye vifundo, ngozi inageuka nyeusi. Sema na kazi unayofanya. Bima nyingi hulipia matibabu kwa sababu ya maumivu au kidonda, hazilipii urembo. Na omba mkalimani, ni haki yako na ni bure. Binti yako wa miaka 12 mwacheni shuleni.

Yule mama alipewa soksi za kubana. Anazivaa asubuhi kabla miguu haijavimba. Analalamika kwamba zina joto, nami nilizijaribu siku moja nikamwelewa! Lakini amepata nafuu. Mwenye sukari asijinunulie, amuulize daktari kwanza. Kazini, wakati wa mapumziko, tembea kidogo. Jioni lala, miguu iwe juu ya mito.

Sasa hili mlishike. Mguu mmoja ukivimba ghafla, ukauma na kuwa wa moto, usiukande wala usingoje miadi. Huenda damu imeganda ndani. Nenda hospitali siku hiyo hiyo. Kifua kikiuma au pumzi ikikata, piga 911, useme "Swahili" wakutafutie mkalimani.

Muuguzi yuko chumba cha nyuma mpaka saa tisa, na ni mwanamke. Mlango unafungwa.