Miaka Miwili Chini ya Paa Moja

Leo nina neno na mama aliyeishi na mwanamume miaka kadhaa, wakafyeka pori, wakalima mahindi na mpunga, wakazaa, kisha siku ya ugomvi akaambiwa: "Wewe si mke wangu, sijakutolea mahari. Beba nguo zako."

Mama, usibebe kwanza. Kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinasema mwanamume na mwanamke wakikaa pamoja miaka 2 au zaidi, na watu wakawatambua kuwa ni mume na mke, watachukuliwa kuwa wameoana. Hiyo ndiyo dhana ya ndoa. Na kwa aliyefunga ndoa halali, kifungu cha 41 kinaongeza kwamba ndoa yake haibatiliki kwa kuwa tu mahari haikutolewa au ndoa haikusajiliwa.

Hapa nisikilizeni vizuri, maana ndipo wengi wanapopotea. Miaka peke yake haitoshi. Dhana hiyo inapingika. Mwenzako akithibitisha kuwa tayari ana ndoa ya mke mmoja, kwa mfano ya kanisani, na haijavunjwa, dai lako la kuwa mke litakwama. Majirani wakisema walikujua kama hawara tu, nalo litakwama. Kwa hiyo watafute mapema wanaoyajua maisha yenu: jirani wa shamba, balozi, mwenyekiti wa kitongoji, wakwe waliokuja kwako msibani wakakuita mke wa mtoto wao.

Mahakama ikiridhika, unaweza kudai matunzo yako na ya watoto, na mgawanyo wa mali mliyochuma pamoja. Wapo watakaokwambia hukuchuma chochote, ulikuwa jikoni tu. Msikubali, mama zangu! Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed, Mahakama ya Rufani ilitamka kwamba kazi za nyumbani nazo ni mchango katika kuchuma mali.

Shauri la namna hii unaweza kulifungua Mahakama ya Mwanzo, huna haja ya kwenda mbali. Nanyi mnaofunga ndoa ya kimila msimu huu wa mavuno, baba na mama, sheria inawapa siku 30 kuomba isajiliwe.